Jibu la Mtaalamu: Baba Mkwe Wangu Alikuwa Mwanamaji, Nitaandikaje Wasifu Wake?

Swali la msomaji

Shikamoo, Mwalimu. Baba mkwe wangu, Mmarekani, amefariki mwezi huu akikaribia miaka 80. Alilitumikia Jeshi la Wanamaji la Marekani kuanzia 1966 hadi 1970, kisha akafanya kazi ya ufundi wa mabomba mpaka uzee ulipomkalisha. Ibada ya kumbukumbu itafanyika hapa Marekani baada ya wiki tatu. Mume wangu ataandika wasifu wa Kiingereza, nami nimepewa kazi ya kuandika wa Kiswahili kwa ajili ya ndugu wa upande wangu, ambao walimpenda sana. Tatizo ni kwamba mama mkwe anataka medali zote zitajwe, na mume wangu hataki jeshi lipewe zaidi ya sentensi moja, kwa sababu anasema aliyemlea alikuwa baba na hakuwa askari. Marehemu mwenyewe alipoulizwa alijibu tu, "Nilikuwa fundi wa mitambo." Ninachokijua ni mambo mawili. Mume wangu alizaliwa baba yake akiwa baharini, wakaonana mtoto akiwa na miezi mitano. Na hadi uzeeni mzee aliamka kila siku saa tisa na nusu usiku, akakagua milango na jiko, kisha akarudi kulala. Nianzie wapi, na nimridhishe nani?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Poleni sana kwa msiba, wewe na mumeo na mama mkwe wako na nyumba nzima.

Unavyoandika, ni kama mama na mwanawe wanavutana, mmoja akimtaka mwanajeshi na mwingine akimtaka baba. Kwa miaka niliyokaa na familia zilizofiwa nikizisaidia kuandika wasifu wa wapendwa wao, nimeuona mvutano huu mara nyingi, hasa marehemu anapokuwa mtu aliyevaa sare ujanani kisha akaishi nusu karne bila kuivaa tena. Mimi naona hawa wawili hawapingani. Medali ambazo mama anataka zitajwe si za marehemu peke yake. Kila moja ina tarehe zake, na kwa mama tarehe hizo zilikuwa miezi ya kulea mimba peke yake, kujifungua peke yake, na kumbeba mtoto ambaye baba yake alimjua kwa barua. Anapoomba zitajwe, anaomba miezi ile nayo isipotee. Mumeo naye anasema kweli, maana yeye alimjua mtu aliyekwisha kurudi. Kwa hiyo usimridhishe mmoja ukamwacha mwingine. Tafuta mahali ambapo meli na nyumba vinakutana katika maisha ya mtu huyu, uanzie hapo. Mahali hapo umekwisha kuniandikia, katika ile sentensi ya saa tisa na nusu usiku, nami nitairudia nikishamaliza habari za maneno na karatasi.

Maneno kwanza, kwa sababu Kiswahili kina mitego yake katika jambo hili. Usimwite "mwanajeshi mstaafu". Katika mazungumzo yetu ya kawaida neno hilo laweza kumwangukia yeyote aliyeondoka jeshini, lakini nchini Marekani mstaafu wa jeshi kwa kawaida ni mtu aliyetumikia miaka 20 au zaidi na anayelipwa pensheni ya kijeshi. Aliyetumikia miaka minne akaagwa kwa heshima, yaani akaruhusiwa kutoka jeshini akiwa na sifa njema, huitwa mkongwe wa jeshi, na heshima ya ukongwe wake ni kamili, haihitaji kuongezewa kitu. Mtego mwingine ni kwamba habari za Kiswahili mara nyingi hutumia neno "wanamaji" kwa majeshi mawili, yaani Navy, ambalo ndilo la marehemu wenu, na Marine Corps, ambalo ni jeshi jingine lenye mila na sare zake ingawa yote mawili yako chini ya idara moja ya serikali. Ukiandika "Jeshi la Wanamaji la Marekani" na kulitaja jina la meli, hakuna atakayekosea. Kuhusu cheo, usikigeuze kuwa koplo wala sajenti, kwa kuwa mabaharia wa jeshi hilo hawana vyeo vya majina hayo. Hata neno la cheo linalofanana na "kapteni" kwao ni sawa na kanali wa nchi kavu. Kiache kama kilivyoandikwa kwenye hati, kisha ukieleze kwa maneno machache.

Hati yenyewe ni fomu inayoitwa DD 214, ambayo kila anayeagwa jeshini hupewa. Humo mna tarehe ya kuingia na ya kutoka, kazi aliyoifanya, mafunzo aliyopata, medali, kituo chake cha mwisho, na namna alivyoagwa. Mwombe mama aitafute mahali anapoweka vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, kwa maana familia nyingi huviweka pamoja. Ikiwa haipo, nakala huombwa kwenye kituo cha kumbukumbu za watumishi cha Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa mjini St. Louis, Missouri. Hapa nakutahadharisha kwamba wewe kama mkwe huwezi kuiomba. Ndugu wanaotambuliwa kwa kazi hiyo ni mjane au mgane ambaye hajaoa wala kuolewa tena, mtoto, mzazi, na ndugu wa kuzaliwa naye. Kwa hiyo sahihi iwe ya mama au ya mumeo, na waambatanishe uthibitisho wa kifo. Majalada hufunguliwa kwa watu wote miaka 62 baada ya mtu kutoka jeshini, na kwa aliyetoka 1970 hiyo ni 2032. Waeleze kwamba nakala inahitajika kwa ajili ya mazishi, kwa sababu maombi ya namna hiyo hutangulizwa. Tena waombe jalada zima pamoja na fomu, kwa maana fomu hutaja kituo cha mwisho, na kama alihama kutoka meli hadi meli, meli nyingine zitaonekana kwenye jalada.

Huenda mtu akawakatisha tamaa kwa kusema kwamba kumbukumbu za St. Louis ziliungua. Ni kweli kwamba moto wa tarehe 12 Julai 1973 uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18, lakini yalikuwa ya jeshi la nchi kavu na la anga. Ya wanamaji yalinusurika.

Mkiipata hati, zisomeni medali kwa utulivu, kwa kuwa hapa ndipo upendo huwaponza watu. Medali ya Utumishi wa Ulinzi wa Taifa ilitolewa kwa karibu kila aliyekuwa jeshini katika miaka ile, hata kama hakutoka pwani ya Marekani. Medali ya Utumishi wa Vietnam ilikuwa ya waliohudumu katika eneo la vita, pamoja na bahari inayolizunguka, kati ya Julai 1965 na Machi 1973. Kama anayo ya kwanza tu, usiandike kwamba alipigana Vietnam. Kama anayo ya pili, andika kwamba meli yake ilihudumu katika eneo la vita vya Vietnam, uishie hapo, kwa sababu fundi wa mitambo aliyekuwa chini ya sitaha alikuwa vitani kwa namna yake, na sentensi ya kweli humtosha. Mtu aliyejiita fundi maisha yake yote hakuacha ruhusa ya kufanywa shujaa wa picha. Kisha medali hizo ziandikwe zote, kila moja kwa jina lake, katika aya moja, na karibu nazo yaandikwe yaliyokuwa yakitendeka nyumbani wakati huohuo. Mama ataona kwamba umemsikia.

Ipo karatasi nyingine ambayo familia nyingi hazijui kuwa ipo, nayo ni shajara ya meli. Kila zamu, ofisa aliyekuwa akiongoza alitia sahihi maelezo ya mahali meli ilipo, mwelekeo na mwendo wake, na mambo yaliyotokea. Shajara za miaka ile zimetunzwa na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko College Park, Maryland, na nyingi za wakati wa Vietnam zimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Usitarajie kuliona jina la baba mkwe wako humo, kwa sababu mabaharia wa kawaida hutajwa kwa nadra, labda mtu akihamishwa, akiumia au akiadhibiwa. Tafuta siku aliyozaliwa mumeo. Shajara itakuambia meli ilikuwa wapi siku hiyo, ilikuwa ikielekea upande gani, na kama ilikuwa bandarini au baharini. Naomba mumeo akae karibu nawe utakapoufungua ukurasa huo, kwa kuwa mtu anayesema baba yake hakuwa askari huenda hajawahi kuonyeshwa alipokuwa baba yake saa ile yeye alipolia mara ya kwanza.

Muulizeni mama pia kama amehifadhi barua. Msiitupe bahasha hata kama imechakaa, kwa maana meli kubwa zilikuwa na posta yake, na muhuri mara nyingi hubeba jina la meli pamoja na tarehe. Anwani yenyewe husema jambo, kwani barua za meli za Bahari ya Pasifiki zilipitia posta ya jeshi ya San Francisco, na za Atlantiki zilipitia New York. Kama mama yuko tayari, muulizeni mumewe alipataje habari kwamba amezaa mtoto wa kiume. Jibu la swali hilo pekee laweza kuwa nusu ya wasifu.

Sasa nirudi kwenye saa tisa na nusu usiku. Melini siku hugawanywa kwa zamu za saa nne nne, isipokuwa ile ya jioni, kuanzia saa kumi hadi saa mbili usiku, ambayo hukatwa vipande viwili ili watu wasishike zamu ileile kila siku. Zamu moja huanza saa kumi alfajiri. Anayeiingia huamshwa karibu nusu saa kabla, na mjumbe mwenye tochi anayepita kati ya vitanda vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kwa sababu anatakiwa awe mahali pake kama robo saa kabla ya wakati, apokee maelezo ya anayetoka, ndipo mwenzake akalale. Kuchelewa kumpokea mwenzako ni aibu ambayo mabaharia huikumbuka miaka mingi. Hesabu mwenyewe: saa tisa na nusu usiku.

Sisemi kwamba nimethibitisha. Huenda mzee alikuwa na sababu nyingine kabisa, na mama huenda anaijua, basi muulize kabla ya kuandika. Muulize pia alikuwa akilikaguaje jiko: je, alitazama tu, au alipeleka mkono taratibu hewani kabla ya kugusa? Nauliza kwa sababu meli nyingi za kivita za wakati ule ziliendeshwa kwa mvuke, na mvuke uliopashwa moto kupita kiasi, ukivuja kwenye bomba, hauonekani kwa macho. Husikika ukizomea tu, na katikati ya kelele za mitambo huwezi kujua unatokea wapi. Wazee wa vyumba vya mitambo husimulia kwamba waliutafuta kwa mpini wa ufagio, wakiupitisha mbele yao polepole, na pale mpini ulipokatwa ndipo palipokuwa na tundu. Mtu aliyetembea hivyo akiwa na miaka ishirini, kisha akaja kushika mabomba ya nyumba za watu hadi uzeeni, akisema "nilikuwa fundi wa mitambo", hasemi kwamba hakufanya kitu. Watu wengine walilala juu ya sitaha kwa kuwa yeye alikuwa macho chini. Na akiwa mume na baba aliendelea vivyo hivyo, watu wakalala yeye akiwa macho.

Jambo hili usilieleze hivyo katika wasifu, nimekueleza wewe ili ulione. Msomaji akipewa vitu viwili, kimoja kando ya kingine, atauona uzi unaoviunganisha bila kuonyeshwa kwa kidole, na ataupenda zaidi. Aya ninayoiwazia, endapo mama atathibitisha, ni ya namna hii:

"Mwaka 1966 aliingia Jeshi la Wanamaji la Marekani, akapangiwa kazi katika chumba cha mitambo. Mwanawe wa kwanza alizaliwa yeye akiwa baharini. Mkewe alijifungua na kurudi nyumbani na mtoto bila yeye, na siku aliposhuka melini mtoto alikuwa na miezi mitano. Aliagwa kwa heshima mwaka 1970. Melini, anayeingia zamu ya alfajiri huamshwa saa tisa na nusu. Kwa zaidi ya miaka hamsini baada ya kuiacha meli yake, kila ilipofika saa tisa na nusu usiku, aliamka, akajaribu kitasa cha kila mlango, akalikagua jiko, kisha akarudi kulala."

Unaona kwamba sikutumia maneno "mpenda familia". Maneno hayo yamo karibu katika kila wasifu niliowahi kusoma, hata wa watu ambao watoto wao walikaa kimya yakisomwa, na kwa hiyo hayamtofautishi mtu yeyote. Kama kweli alijitoa kwa ajili ya watu wake, yatafute matendo. Mpigie simu kila mtoto na kila mjukuu mwenye umri wa kujieleza, umuulize swali moja tu: "Alikufanyia nini ambacho hakuna aliyemwomba?" Wape siku mbili za kufikiri, kwa sababu jibu la kwanza huwa la adabu na la pili ndilo huwa la kweli. Utapata majibu mengi. Chagua matatu au manne yasiyofanana, na kila mmoja umwache aseme kwa maneno yake. Kwa mtu aliyeishi na vifaa mkononi, nadhani mengi yatahusu kitu kilichoharibika na kikatengenezwa kimyakimya.

Miezi mitano nayo usiifiche wala usiipambe. Ziko nyumba ambazo huandika kwamba marehemu "daima alikuwepo", wakati kila aliyekaa pale anajua kwamba kuna wakati hakuwepo. Huyu hakuwepo mwanawe alipozaliwa, na si kwa kosa lake. Likiandikwa bila lawama na bila udhuru, ndugu zako wataelewa kwa nini mtu huyu, alipopata nafasi ya kukaa nyumbani, aliikalia nyumba yake kama zamu. Katika aya hiyohiyo mtaje mama kwa jina lake, ukimpa sentensi yake mwenyewe yenye kitenzi chake mwenyewe. Asiwe mtu wa "ameacha mjane" tu.

Orodha ya walioachwa iwe fupi na uihakiki mara mbili, kwani jina la mjukuu likisahaulika jeraha lake halifungi. Tarehe kamili ya kuzaliwa, anwani ya nyumba na picha ya ile fomu ya DD 214 visichapishwe popote, kwa sababu matapeli huiba hata utambulisho wa wafu, na fomu hizo mara nyingi huwa na namba ya hifadhi ya jamii.

Kuhusu ibada yenyewe, mkumbuke kwamba heshima za kijeshi hazijileti, familia ndiyo huziomba, kwa kawaida kupitia nyumba ya mazishi, nayo itataka ile fomu. Tangu mwaka 2000 sheria inampa mkongwe aliyeagwa kwa heshima haki ya askari wasiopungua wawili wenye sare, angalau mmoja wao akitoka jeshi alilotumikia marehemu; watakunja bendera hadi iwe pembetatu na kumkabidhi ndugu wa karibu, ambaye hapa ni mama, na tarumbeta itapigwa, ama na mpigaji ama kwa kinasa sauti. Wimbo huo wa tarumbeta una noti 24 tu na huisha kabla mtu hajajiandaa. Ushauri wangu ni kwamba wasifu usomwe kabla ya hapo. Nimehudhuria ibada ambayo msomaji aliinuka na karatasi zake baada ya bendera kukabidhiwa, na ingawa maneno yalikuwa mazuri, hakuna aliyeweza kuyasikia, maana macho yote yalikuwa kwenye mikono ya mjane iliyoishika ile pembetatu.

Ukimaliza kuandika, kaa na mama mkiwa wawili, umfasirie sentensi moja moja kabla mtu mwingine hajausoma, na uwe na kalamu mkononi. Ukifika kwenye miezi mitano, nyamaza kidogo. Akikuambia kwamba haikuwa mitano, ilikuwa minne na siku kadhaa, na akazitaja siku hizo bila kutazama kalenda, futa hesabu yako uandike ya kwake.